Uvujaji wa maarifa katika ubia wa ubunifu

Uvujaji wa maarifa katika ubia wa ubunifu ni hali ambayo maarifa ya kampuni au taasisi moja yanafika kwa mshirika wake, au kwa mtu wa tatu kupitia mshirika huyo, kupita mipaka waliyokubaliana. Maarifa hayo yanaweza kuwa mchoro wa mashine, fomula ya dawa, msimbo wa programu, orodha ya wateja, bei za malighafi au namna tu ya kupanga kazi kiwandani.

Jambo hili haliwezi kutenganishwa na kushirikishana maarifa, ambako ndiko lengo la ubia wenyewe. Kampuni mbili huungana kwa sababu kila moja ina kitu ambacho nyingine haina. Zisipoonyeshana chochote, hakuna kipya kitakachopatikana. Lakini njia ile ile inayopitisha maarifa yanayohitajika kwa kazi ndiyo inayoweza kupitisha na yale yasiyokusudiwa. Kwa hiyo wataalamu wa uongozi wa biashara hawaulizi tu jinsi ya kuziba uvujaji, bali pia maarifa gani yatolewe, kwa nani, wakati gani na kwa malipo gani.

## Maana

Uvujaji wa maarifa hutofautiana na wizi na ujasusi wa kibiashara, ingawa mara nyingine huishia huko. Uvujaji mwingi hauna mhalifu. Mhandisi anajibu swali la mwenzake wa upande wa pili kwa nia njema. Mfanyakazi anahamia kampuni nyingine na kwenda na uzoefu wake. Msambazaji wa vipuri anayehudumia viwanda viwili vinavyoshindana anatumia kwa mmoja alichojifunza kwa mwingine.

Pia si kila maarifa yanayoenea huhesabiwa kuwa yamevuja. Bidhaa ikishauzwa sokoni, mtu yeyote anaweza kuinunua, kuifungua na kuichunguza. Vilevile maarifa yaliyotolewa kwa leseni, na kulipiwa, hayakuvuja, hata kama mpokeaji atayatumia baadaye kuwa mshindani hodari.

## Aina za ubia

Hatari hutegemea aina ya ubia. Aina zinazojulikana zaidi ni:

- Kampuni ya ubia: washirika wawili au zaidi huanzisha kampuni mpya wanayoimiliki kwa hisa. Wafanyakazi wa pande zote hukaa pamoja kila siku, hivyo maarifa hupita kwa urahisi.
- Utafiti wa pamoja: kila upande hubaki na kampuni yake, lakini wanagawana gharama, vifaa na matokeo ya mradi mmoja.
- Leseni: mwenye teknolojia humruhusu mwingine kuitumia kwa malipo na kwa masharti yaliyoandikwa.
- Mnunuzi na msambazaji: kiwanda humpa msambazaji michoro na vipimo ili atengeneze kipuri kinachotakiwa.
- Chuo kikuu na kampuni: kampuni hugharimia utafiti, na watafiti hutoa utaalamu wao. Hapa kuna mvutano wa pekee, kwa kuwa mtafiti anataka kuchapisha na kampuni inataka kutunza siri.

Hatari huwa kubwa zaidi pale washirika wanapokuwa washindani katika soko lile lile.

## Maarifa yanayoandikika na yasiyoandikika

Mwanafalsafa Michael Polanyi, mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi Uingereza, alieleza kwamba binadamu hujua mengi kuliko anayoweza kuyasema. Kutokana na wazo hilo maarifa ya kampuni hugawanywa katika makundi mawili.

Kundi la kwanza ni maarifa yanayoandikika: fomula, michoro, programu, takwimu. Haya hunakiliwa kwa dakika chache na hutoka nje katika barua pepe moja. Kundi la pili ni maarifa yaliyo katika mazoea ya watu: fundi anayejua kwa sauti tu kwamba mashine inakaribia kuharibika, au timu iliyozoea kusimamisha kazi mara inapoona kasoro. Methali ya Kiswahili isemayo "siri ya mtungi aijuaye kata" inaeleza vizuri maarifa ya namna hii: huyajua yule aliyezama ndani ya kazi.

Maarifa ya kundi la pili hayavuji kwa urahisi, lakini kwa sababu hiyo hiyo ni magumu kufundisha hata pale mwenyewe anapotaka kuyatoa. Wajapani Ikujiro Nonaka na Hirotaka Takeuchi, katika kitabu chao cha mwaka 1995, walieleza jinsi kampuni zinavyogeuza maarifa ya mazoea kuwa maarifa ya maandishi na kuyarudisha tena kuwa mazoea. Kila mgeuzo huo ni nafasi ya kujifunza, na pia ni mlango wa uvujaji, kwa kuwa kilichokuwa kichwani mwa mtu mmoja sasa kimo katika hati.

## Tatizo la kuonyesha kabla ya kuuza

Mwaka 1962 mwanauchumi Mmarekani Kenneth Arrow alionyesha ugumu ulio katika biashara ya habari. Mnunuzi hawezi kujua thamani ya habari mpaka aione. Lakini akishaiona, ameipata bila kulipa.

Tatizo hili huwagusa hasa wabunifu wadogo. Kijana aliyebuni njia mpya ya kukadiria mikopo ya wakulima akienda benki kuomba ubia, ataulizwa inafanyaje kazi. Akieleza kidogo, haaminiki. Akieleza yote, benki inaweza kuwapa kazi hiyo watu wake yenyewe. Kampuni kubwa nayo ina wasiwasi wake: ikikubali kusikiliza wazo la mtu wa nje huku watu wake wanashughulikia wazo linalofanana, inaweza kushtakiwa kwamba imeiba. Ndiyo sababu baadhi ya kampuni kubwa na wawekezaji hukataa kutia saini mkataba wa kutunza siri kabla ya mazungumzo ya kwanza.

Njia ya kawaida ya kupunguza tatizo hili ni kutoa maelezo kwa hatua: kwanza matokeo (kitu hiki kinafanya nini), kisha majaribio yanayoendeshwa na mbunifu mwenyewe, na mwisho namna kinavyofanya kazi, baada ya mkataba kutiwa saini.

## Historia ya utafiti

Katika miaka ya 1980 kampuni nyingi za Marekani na Ulaya ziliingia ubia na kampuni za Japani. Mwaka 1989 Gary Hamel, Yves Doz na C. K. Prahalad waliandika makala mashuhuri kuhusu kushirikiana na washindani. Walidai kwamba ubia ni mashindano ya namna nyingine, na kwamba anayefaidika ni yule anayeingia akiwa na nia ya kujifunza. Waliona kuwa mara nyingi maarifa hayatolewi katika mikutano ya wakubwa bali katika mazungumzo ya kila siku ya wahandisi na mameneja wa ngazi za chini.

Mwaka 1990 Wesley Cohen na Daniel Levinthal walieleza uwezo wa kupokea maarifa: kampuni hutambua na kutumia maarifa ya nje kwa kadiri ya maarifa iliyonayo tayari. Asiyefanya utafiti wake mwenyewe hawezi kufaidika sana na utafiti wa jirani.

Mwaka 2000 Prashant Kale, Harbir Singh na Howard Perlmutter walichunguza ubia wa kampuni mbalimbali na kueleza kwamba kuaminiana na kufahamiana kati ya watu wa pande mbili husaidia mambo mawili kwa pamoja: kujifunza kutoka kwa mshirika na kulinda maarifa ya msingi. Mwaka 2003 Henry Chesbrough alichapisha kitabu kilichoeneza wazo la ubunifu wa milango wazi, yaani kampuni kutumia mawazo ya nje na kuruhusu mawazo yake yatumike nje.

## Mifano

### Toyota na General Motors

Mwaka 1984 Toyota ya Japani na General Motors ya Marekani zilianza kutengeneza magari pamoja katika kampuni ya ubia iliyoitwa NUMMI, huko Fremont, California. Kiwanda hicho kilikuwa cha General Motors, nacho kilifungwa mwaka 1982 baada ya miaka ya migogoro ya kazi na ubora duni. Wengi wa wafanyakazi walioajiriwa na NUMMI walikuwa wale wale wa zamani, lakini chini ya utaratibu wa Toyota ubora wa magari ulipanda haraka.

General Motors ilitaka kujifunza utaratibu huo pamoja na utengenezaji wa magari madogo; Toyota ilitaka kujifunza kufanya kazi na wafanyakazi, chama cha wafanyakazi na wasambazaji wa vipuri wa Marekani. Toyota haikuficha utaratibu wake. Hata hivyo General Motors ilichukua miaka mingi kuueneza katika viwanda vyake vingine, kwa sababu haukuwa mashine ya kununua bali mazoea ya watu wengi: wafanyakazi, wasimamizi, wasambazaji na wakubwa wa kampuni. Toyota kwa upande wake ilifungua kiwanda chake yenyewe Georgetown, Kentucky, mwaka 1988. General Motors ilijitoa katika ubia mwaka 2009 ilipofilisika, na NUMMI ikafungwa Aprili 2010. Kiwanda hicho baadaye kilinunuliwa na Tesla.

Mfano huu hutumika kuonyesha kwamba mlango kuwa wazi si sawa na maarifa kuhama, na kwamba anayejifunza haraka ndiye anayepata zaidi.

### AMSC na Sinovel

American Superconductor, au AMSC, ni kampuni ya Marekani iliyokuwa ikiiuzia Sinovel ya China vifaa na programu za kuongoza mitambo ya kuzalisha umeme kwa upepo. Sinovel ilikuwa mteja wake mkubwa kuliko wote. Mwaka 2011 Sinovel ilikataa kupokea mizigo iliyokuwa imeagizwa. Baadaye ilibainika kwamba mfanyakazi wa tawi la AMSC nchini Austria alikuwa ametoa msimbo wa programu kwa malipo. Mahakama ya Austria ilimhukumu mwaka huo huo.

Mnamo Januari 2018 baraza la wazee wa mahakama katika jimbo la Wisconsin, Marekani, liliikuta Sinovel na hatia ya kuiba siri za biashara. Kwa mujibu wa Wizara ya Sheria ya Marekani, AMSC ilikuwa imepoteza zaidi ya dola bilioni 1 za thamani ya hisa na karibu ajira 700. Sinovel ilikubali kuilipa AMSC dola milioni 57.5.

AMSC ilikuwa imechukua tahadhari za kiufundi, ikiwa ni pamoja na kufunga programu zake kwa njia ya usimbaji. Udhaifu ulikuwa kwa mtu aliyekuwa na ruhusa halali ya kuzifungua. Pia kampuni ilitegemea mteja mmoja kwa sehemu kubwa ya mapato yake, hivyo pigo lilipokuja halikuwa na mahali pa kupunguzwa.

### Treni za mwendo kasi China

Kuanzia mwaka 2004 China iliagiza treni za mwendo kasi kutoka kampuni za nje, zikiwemo Kawasaki ya Japani na Siemens ya Ujerumani, kwa sharti kwamba teknolojia ihamishiwe kwa viwanda vya China. Baada ya miaka michache viwanda hivyo vilikuwa vikitengeneza treni zenye kasi zaidi na kutafuta masoko ya nje. Upande wa Kawasaki ulilalamika kwamba treni hizo mpya zilitokana na teknolojia yake. Upande wa China ulijibu kwamba ulinunua teknolojia kihalali, ukaiboresha na kubuni yake. Hapa tatizo halikuwa siri kutoroka, bali mkataba: ni wapi maboresho ya mpokeaji yanakuwa mali yake mwenyewe?

### M-Pesa

Huduma ya M-Pesa ilizinduliwa na Safaricom nchini Kenya Machi 2007. Ilitokana na ushirikiano wa pande kadhaa. Vodafone ya Uingereza ilianzisha mradi kwa msaada wa fedha za serikali ya Uingereza; Safaricom ilikuwa na mtandao na wateja; taasisi ya mikopo midogo ya Faulu Kenya na Commercial Bank of Africa zilishiriki katika majaribio. Lengo la awali lilikuwa kurahisisha marejesho ya mikopo, lakini katika majaribio ilionekana kwamba watu walitumia huduma hiyo kutumiana fedha, na hilo likawa wazo kuu.

Haki za mfumo na jina zilibaki kwa Vodafone, na Safaricom ililipa ada ya kuutumia. Mwaka 2020 Safaricom na Vodacom zilinunua kutoka Vodafone haki za jina na uendelezaji wa huduma kupitia kampuni yao ya ubia.

Wazo la kutuma fedha kwa simu halikuweza kufichwa. Kampuni ya Zain ilileta huduma yake ya Zap mwaka 2009, na nyingine zikafuata. Kilichokuwa kigumu kuiga ni mtandao wa mawakala: kuwachagua, kuwafundisha, kuhakikisha wana salio na fedha taslimu, na kujenga imani ya wateja. Hata Vodacom Tanzania, iliyoanza M-Pesa mwaka 2008 ikiwa ndani ya kundi lile lile la Vodafone, ilikua polepole kuliko Kenya katika miaka ya mwanzo.

### Pfizer na BioNTech

Kampuni ya Ujerumani BioNTech na Pfizer ya Marekani zilianza kushirikiana mwaka 2018 kutafuta chanjo ya mafua. Ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoenea mwaka 2020, zilikubaliana mwezi Machi kuanza kazi ya chanjo mara moja, huku masharti kamili ya kifedha yakiendelea kujadiliwa. Uingereza iliidhinisha chanjo yao tarehe 2 Desemba 2020. Kufahamiana kwa awali kuliziwezesha kuonyeshana mambo mengi kwa muda mfupi, jambo ambalo kampuni zisizojuana zingelifanya kwa hofu zaidi.

## Njia za kujikinga

Hatua zinazotumiwa na kampuni ni za aina tatu.

Mikataba. Mkataba wa kutunza siri hutaja habari gani ni siri, nani anaruhusiwa kuziona na kwa muda gani. Mkataba wa ubia unapaswa kueleza pia kila upande umeingia na nini, nani atamiliki kitakachopatikana, nani atamiliki maboresho, na nini kitatokea ubia ukivunjika. Mara nyingi migogoro huzuka kwa sababu hakuna aliyeandika kila mmoja alikuja na nini.

Mpangilio wa kazi. Kampuni hugawa bidhaa katika sehemu na kumpa mshirika sehemu anayoihitaji tu. Hutenganisha majengo au mifumo ya kompyuta. Huteua mtu mmoja wa kupitisha maombi yote ya habari. Wafanyakazi wa kawaida huelezwa wazi nini kinaruhusiwa kusemwa, kwa kuwa wao ndio wanaokutana na upande wa pili kila siku.

Mahusiano. Ubia unaoanza na mradi mdogo huwapa washirika nafasi ya kupimana. Kila upande ukiwa na kitu ambacho mwingine anakihitaji kwa muda mrefu, tamaa ya kuvunja ahadi hupungua. Kinga nyingine ni mwendo: kampuni inayoendelea kubuni huwa imeshasonga mbele wakati kilichovuja kinapoanza kutumiwa na wengine.

## Sheria

Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu hakimiliki na mali nyingine za ubunifu, ulioanza kutumika mwaka 1995, unataka habari za siri zilindwe zikitimiza masharti matatu: ziwe hazijulikani kwa kawaida na watu wa fani hiyo, ziwe na thamani ya kibiashara kwa sababu ni siri, na mwenye nazo awe amechukua hatua za kuridhisha kuzitunza. Sharti la tatu lina maana kubwa: kampuni iliyoacha hati zake wazi kwa kila mtu inaweza kushindwa kesi hata kama imeibiwa kweli. Nchi zenye maendeleo madogo zaidi, zikiwemo Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, zimepewa muda wa nyongeza kutekeleza sehemu kubwa ya mkataba huo.

Uganda ina sheria maalumu ya kulinda siri za biashara ya mwaka 2009. Umoja wa Ulaya na Marekani zilipitisha sheria zao za aina hiyo mwaka 2016.

Hataza ni kinga ya namna tofauti. Mbunifu hupewa haki ya pekee kwa kawaida kwa miaka 20, lakini lazima aeleze hadharani ubunifu wake. Maombi hupelekwa katika ofisi za nchi, kama vile BRELA kwa Tanzania Bara na KIPI nchini Kenya, au katika shirika la kikanda la ARIPO lenye makao yake Harare. Wanafunzi na watafiti wanapaswa kujua kwamba ubunifu uliokwisha kuchapishwa au kuonyeshwa hadharani unaweza kupoteza sifa ya upya inayotakiwa. Baadhi ya nchi hutoa muda wa msamaha, lakini ofisi ya hataza ya Ulaya ina masharti makali.

Ubia unapohusu habari za wateja, sheria za ulinzi wa data binafsi nazo hutumika, kama ile ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022. Hapo anayeumia kwa uvujaji si kampuni peke yake, bali na mtu ambaye habari zake zimetoka.

## Gharama ya kufunga kupita kiasi

Kulinda kila kitu nako kuna hasara. Mwaka 1977 Coca-Cola iliondoka India badala ya kukubali masharti ya serikali yaliyohusu umiliki wa hisa na kukabidhi siri ya kinywaji chake, ikarudi mwaka 1993. Ilitunza siri yake, lakini kwa muda wa miaka 16 haikuwa na biashara katika nchi hiyo kubwa.

Ndani ya ubia, hofu ya uvujaji huleta matokeo yanayofanana kwa kiasi kidogo. Wahandisi wanaokatazwa kuzungumza hugundua makosa wakiwa wamechelewa. Mshirika anayehisi kwamba anafichwa naye huanza kuficha. Na mradi hufika mwisho ukiwa na mikataba minene na bidhaa dhaifu. Kwa hiyo washauri wengi wa biashara hupendekeza kampuni itenge kwanza maarifa machache ambayo ikiyapoteza itakufa, iyalinde hayo kwa nguvu zote, na kuyaachia mengine yafanye kazi iliyoyaleta katika ubia.